Ng'ombe Aliyekatwa Vipande Vitatu: Maktaba ya NLTK Mbele ya Neno la Kiswahili

Maktaba ya programu iitwayo NLTK ilianzishwa mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na tangu hapo wanaisimu wengi wameingia katika kazi ya kompyuta kwa njia yake. Kitabu chake cha mwongozo, kilichoandikwa na Steven Bird, Ewan Klein na Edward Loper, kilitolewa mwaka 2009. Ni kitabu kizuri: humchukua msomaji asiyejua programu, humpa lugha ya Python kidogo kidogo, na baada ya kurasa chache humwezesha kuhesabu maneno ya kitabu kizima. Uhakiki huu hauhusu sifa hizo. Unahusu hatua moja tu, ile inayotangulia hesabu yoyote, yaani ukataji wa mfuatano wa herufi ili kupata vipande vitakavyohesabiwa. Vipande hivyo huitwa tokeni.

Yafaa haki itendeke kwanza. Waandishi wa mwongozo hawakuficha ugumu wa jambo hili. Wanakiri kwamba ukataji ni mgumu kuliko unavyodhaniwa, na kwamba hakuna kanuni moja ifaayo kila mahali. Aidha, wametenga sehemu ya kuzungumzia lugha ambazo maandishi yake hayaachi nafasi kati ya maneno, kama Kichina. Lakini kwa kufanya hivyo wameigawa dunia mafungu mawili: lugha zenye mipaka ya maneno iliyo wazi, ambazo mfano wake ni Kiingereza, na lugha zisizo nayo. Kiswahili, kwa kuwa huandikwa kwa nafasi, huwekwa kimya kimya katika fungu la kwanza. Hapo ndipo penye kasoro.

Itazamwe sentensi hii iliyotungwa kwa ajili ya jaribio: “Ng'ombe aliyenunuliwa ng'ambo ameng'ang'ania mlangoni.” Kwa msomaji wa Kiswahili ina maneno matano. Amri ya wordpunct_tokenize, ambayo hutenga herufi na alama zote zisizo herufi, huitoa ikiwa na vipande kumi na vinne. Ng'ombe amekuwa vitatu: ng, ritifaa, ombe. Kitenzi ameng'ang'ania peke yake kimekuwa vitano. Hata istilahi ambayo wanafonolojia huitumia kuitaja sauti hiyo, king'ong'o, haisalimiki. Kipande chake cha kwanza ni “king”, na asiyejua asili yake angedhani mfalme wa Waingereza amepenya katika matini.

Mzaha huo una gharama. Katika Kiswahili ritifaa ya ng' si alama ya uakifishi. Ni sehemu ya herufi inayowakilisha konsonanti moja, sawa na h katika sh. Anayeiondoa haachi neno lililopungua tu. Mara nyingine huzua neno jingine. Kitenzi “ng'oa” kikikatwa huacha “oa”. Katika orodha ya marudio ya maneno, mihogo iliyong'olewa shambani itaongeza idadi ya ndoa, na hakuna atakayeligundua kosa, kwa sababu “oa” ni neno halali na kamusi italikubali. Kosa la “ombe” huonekana. Kosa la “oa” halionekani, na kwa hiyo ni baya zaidi. Mwanafunzi anayeandaa kazi yake ya mwisho ya lisansi juu ya msamiati wa kilimo atatoa jedwali safi, lenye asilimia mpaka nukta ya pili, nalo litakuwa la uongo.

Itasemwa kwamba mkosaji ni mtumiaji aliyechagua amri isiyofaa, kwani maktaba ina nyingine, word_tokenize, ambayo huiacha “ng'ombe” nzima. Ni kweli, ila kwa sharti moja: ritifaa iwe ile iliyonyooka ya mashine ya kupiga chapa. Ikiwa ni ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe bila mwandishi kuombwa ridhaa, amri hiyo huiona kama alama ya kufunga nukuu na kumkata ng'ombe vilevile. Matini mbili za mwandishi mmoja, moja iliyoandikwa kwa programu hii na nyingine kwa ile, zitatoa hesabu mbili.

Ukweli ni kwamba word_tokenize si amri isiyo na lugha. Kanuni zake zimetokana na desturi ya Penn Treebank, hazina ya sentensi za Kiingereza zilizochanganuliwa katika chuo hicho hicho, ambazo sehemu yake mashuhuri ni habari za gazeti la Wall Street Journal. Ndani yake mna maarifa mengi ya sarufi ya Kiingereza. “Don't” hugawanywa kuwa do na n't. “Cannot” huwa can na not, ingawa Waingereza huiandika bila nafasi yoyote. Kwa nini? Kwa sababu waliotunga kanuni walijua kwamba mna ukanushi ndani ya neno, na ukanushi huo walitaka kuuona. Huu ni uamuzi wa kimofolojia, tena uamuzi mwema. Basi na “hawajafika” je? Mna ukanushi, mna kiambishi cha nafsi, mna -ja- ya jambo lililotarajiwa lakini halijatimia, mna mzizi, mna kiishio. Maktaba hiyo hiyo hulitoa neno zima kama jiwe. Kiingereza kimepewa mchambuzi. Kiswahili kimepewa kisu cha nafasi.

Nafasi yenyewe ni nini? Wasomi wa lugha za Kibantu wamelijadili swali hili muda mrefu kabla ya kompyuta. Msemaji wa Kizulu huandika “ngiyakuthanda”. Msemaji wa Kisotho cha Kaskazini, katika nchi hiyo hiyo ya Afrika Kusini, huandika “ke a go rata”. Maana ni moja, na muundo wa viambishi unakaribiana sana. Lakini tahajia ya kwanza huunganisha, ya pili hutenganisha. Kwa maktaba hii, Mzulu amesema neno moja na Msotho amesema manne. Tofauti hiyo haikuletwa na ndimi za wasemaji. Ililetwa na waliotunga tahajia. “Ninakupenda” huhesabiwa moja kwa sababu Kiswahili kilichukua njia ya kuunganisha.

Kwa msomaji wa Kongo jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, leo Lubumbashi, ilitungwa historia ya mji kwa Kiswahili cha hapo hapo, kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, chini ya jina la André Yav. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990. Moja ya shida za matini hiyo ni kwamba mgawanyo wa maneno haufuati kanuni ya shule: mahali pengine viambishi vimeachanishwa na mizizi yake, mahali pengine maneno yameshikamanishwa. Ili isomeke, ilibidi Kalundi Mango aisome kwa sauti, na usomaji huo ukaandikwa upya. Sikio lilitangulia, mpaka wa neno ukafuata.

Matini hiyo ikipewa split ya Python, ambayo hukata penye nafasi tu, itatoa vipande ambavyo vingi si maneno ya mtu yeyote. Kishawishi cha haraka ni kuisafisha kwanza, yaani kuiandika upya kwa tahajia sanifu, ndipo ihesabiwe. Lakini kinachofutwa katika usafishaji huo ni ushahidi: jinsi watu wasiofundishwa sarufi ya Kiswahili walivyolisikia neno lao linapoanzia na linapokomea. Kwa mwanaisimu, hiyo ndiyo dhahabu ya matini.

Kuna tatizo jingine la nyumbani. Katika ukurasa mmoja ulioandikwa Lubumbashi huenda zikakutana “ng'ambo” na “l'école”. Ritifaa ya pili ni mpaka wa kweli kati ya maneno mawili ya Kifaransa. Ya kwanza si mpaka kabisa. Hakuna amri iliyo tayari katika maktaba itakayozitofautisha. Hata hivyo maktaba yenyewe hutoa dawa, nayo ni RegexpTokenizer, ambayo humwachia mtumiaji aandike kanuni yake. Inatosha kuamuru kwamba ritifaa, iwe imenyooka au imepinda, ikitanguliwa na ng na kufuatwa na irabu au w, isikatwe. Mstari mmoja tu. Lakini lazima mtu auandike, na asiyejua kwamba unahitajika hatauandika.

Uchambuzi wa ndani ya neno ni kazi nyingine, nayo haihitaji kuanzishwa upya: Arvi Hurskainen wa Helsinki alikwisha kueleza mwaka 1992 namna ya kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta. Ukataji wa siku hizi wa vipande vidogo kuliko neno, ulioenea tangu 2016, hautimizi haja hiyo; huunganisha herufi kwa wingi wa kukutana kwake, wala haujui kiambishi ni kipi.

Kuhusu matini ya 1965, maktaba ina amri isiyotumiwa sana, span_tokenize, ambayo badala ya kutoa vipande hutoa namba za mahali kila kipande kinapoanzia na kuishia. Kwa njia hiyo nafasi za mpiga chapa hubaki zilivyo katika matini, na mipaka iliyopatikana kwa usomaji wa Kalundi Mango inaweza kuwekwa kando yake, mstari kwa mstari, pasipo moja kuifuta nyingine.