“Hongera Malenga” Haitoshi

Ukibandika shairi kwenye kundi la WhatsApp la washairi, kabla hujaiweka simu chini “hongera malenga” zimeshafika kumi. Na mie huzituma. Ni adabu, hazina ubaya. Lakini hebu tujiulize: yule aliyetuma hongera kafaidika nini? Kwa maoni yangu, anayekosa zaidi hapo si mtunzi, ni yeye.

Pemba tuna ushahidi wa zamani. Katika karne ya 19 kisiwa hiki kilikuwa na Kamange na Sarahani, washairi waliokuwa wakijibizana kwa tungo. Kazi zao zimo katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu alichokihariri Abdilatif Abdalla, kikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2011. Wengi husoma majibizano kama mchezo wa kutambiana. Mie nayasoma kama uhakiki. Angalia masharti ya kujibu shairi katika mila yetu: ushike bahari ya mwenzio, mizani yake, na mara nyingi vina vyake vilevile. Huwezi kufanya hivyo kwa kusoma juu juu. Lazima ujue hoja yake imeegemea ubeti gani, kina kile kimemsaidia nini, na wapi kaacha mwanya. Ukimaliza kujibu, ufundi wake umeshapita mkononi mwako.

Kwenye nathari, mtazame Euphrase Kezilahabi. Alishatoa Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974) alipokamilisha tasnifu yake ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert. Waandishi hawa wawili wako mbalimbali. Katika Kusadikika mhusika huitwa kwa sifa yake: Karama, Majivuno. Kazimoto wa Kichwamaji hata nafsi yake haimtulii. Kumchambua aliye tofauti nawe kunakulazimisha uieleze njia yako: wewe kwa nini hukupita kule?

Mie kazi yangu ni habari, uhakiki nauandika usiku. Ukisoma kwa starehe, ukichoka unafunga kitabu. Ukisoma ili uandike, kule kuchoka kwenyewe ni swali. Tuseme hadithi imenichosha katikati. Narudi nyuma, naona mama kamfungia mwanawe mlango, kisha mwandishi kaongeza sentensi tatu kunambia kuwa mama kakasirika. Mlango ulishasema! Nikishayaandika hayo, kesho yake nakaa na makala yangu nikiwa na jicho la kuzisaka sentensi zinazokuja baada ya mlango kufungwa.

Halafu kuna hili la kwetu. Pemba ni ndogo. Uliyemhakiki Ijumaa utakutana naye Jumamosi sokoni Chake Chake, na pengine mkewe ni binamu yako. Wapo wanaosema ndiyo maana uhakiki hauwezekani hapa. Naona kinyume. Hapa huwezi kuandika “kazi dhaifu” ukaondoka zako. Utaulizwa, dhaifu wapi? Uwe na ukurasa mkononi. Na mtu aliyezoea kudaiwa ushahidi na jirani yake hatojaza maneno matupu katika kazi yake kirahisi.

Sharti ni moja: usianze na kosa. Anza kwa kueleza, kwa maneno yako, alichokusudia mtunzi, mpaka mwenyewe akisoma aseme, “Naam, ndicho.” Ukishindwa hapo, bado hujasoma. Unahakiki kitabu ulichotaka yeye akiandike.

Basi shairi jingine likiingia kwenye kundi, tuma hongera yako. Kisha ongeza sentensi moja tu: ubeti gani umekushika, na kwa nini. Hiyo “kwa nini” ndiyo utakayoihitaji siku ukikaa kuandika lako.