Kesi Mbele ya Mfalme

Ikitajwa tamthilia ya runinga kuhusu wafalme wa Israeli ya kale, wengi wetu huona kombeo. Huona bonde, majeshi mawili yakikodoleana macho, jitu la Gathi limesimama katikati, na kijana mchungaji akiokota mawe mtoni. Ndivyo watengenezaji wa ng'ambo walivyotuzoeza. House of David, iliyoanza kuonyeshwa na Prime Video mwezi wa Februari 2025 baada ya kurekodiwa Ugiriki, ilitumia msimu wake wa kwanza wote, vipindi 8, kumfikisha Daudi mbele ya Goliathi. Miaka 9 kabla yake, stesheni ya ABC ya Marekani ilitoa Of Kings and Prophets, iliyorekodiwa Afrika Kusini. Ilijaza kioo damu na vitanda, ikaondolewa hewani baada ya vipindi 2 tu. Sizibezi kazi hizi. Kuvisha watu elfu nguo za kale na kuwapanga mlimani ni kazi ya mikono na akili. Lakini naamini zimelishika jambo hili mahali ambapo halina uzito. Sanaa ninayotaka kuisifu ni kongwe kuliko hiyo, haidai farasi wala majeshi, na Nairobi inaimudu kuliko inavyojijua: sanaa ya kuigiza kesi.

Vifungue Vitabu vya Samweli na vya Wafalme uvisome kama msanii anayetafuta mahali pa kuweka kamera. Vita vingi humalizwa kwa mistari michache: walipanda, wakapigana, wakaanguka kadhaa, wakarudi. Msimulizi hapunguzi mwendo mpaka afike mtu mwenye shauri na kusimama mbele ya mfalme. Hapo ndipo watu wanaanza kusema kwa sauti zao wenyewe. Wanawake wawili wanamgombania mtoto mchanga mbele ya Sulemani. Mefiboshethi, mlemavu wa miguu, na mtumishi wake Siba wanavutana juu ya shamba, na Daudi, amechoka na vita vya mwanawe, anaamuru waligawane, hukumu ya mtu asiyetaka kusikia zaidi. Mwanamke Mshunami aliyehama kwa sababu ya njaa anarudi baada ya miaka 7, anakuta nyumba na shamba lake vimeshikwa na wengine, anakwenda kumlilia mfalme, na anarudishiwa mali pamoja na mazao ya miaka yote aliyokuwa hayupo. Mara tatu, manabii na wajanja wa baraza wanatumia mbinu ile ile. Wanamletea mfalme kesi ya kubuni, wanamwacha akate hukumu kwa haki na kwa hasira, kisha wanamwonyesha kuwa mshtakiwa ni yeye. Nathani alifanya hivyo kwa Daudi akitumia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Nabii mmoja asiyetajwa jina alimfanyia Ahabu vivyo hivyo, akiwa amejifunga kitambaa usoni asitambulike, amekaa kando ya njia kama askari aliyejeruhiwa. Kwa hao wawili, kesi ndiyo silaha ya pekee ya asiye na jeshi.

Kisa cha tatu ndicho kinachonishika zaidi, cha mwanamke wa Tekoa. Absalomu, mwana wa Daudi, amemwua nduguye na kukimbilia uhamishoni. Yoabu, jemadari, anaona moyo wa mfalme unamtamani mwanawe lakini kinywa chake hakifunguki. Anatuma watu waende Tekoa wakamlete mwanamke mwenye busara. Mengine yote ni matayarisho ya jukwaa. Avae nguo za matanga. Asijipake mafuta, ngozi yake ionekane kavu kama ya mtu aliyeomboleza siku nyingi. Kisha Yoabu anamfundisha maneno ya kusema. Mwandishi yupo, maleba yapo, mwigizaji yupo, na hadhira ni ya mtu mmoja aliyeketi kwenye kiti cha enzi. Mwanamke anaanguka kifudifudi. Anasema yeye ni mjane, wanawe wawili walipigana shambani pasipo mtu wa kuwaamua, mmoja akamwua mwenzake, na sasa ukoo unadai aliyebaki auawe. Mfalme anamwambia aende nyumbani, atalishughulikia. Haendi. Anaongeza neno, mfalme anaahidi tena. Bado haendi. Anambana mpaka mfalme anaapa kwa jina la Mungu kwamba hata unywele mmoja wa kijana huyo hautaanguka chini. Ni baada ya kiapo ndipo anapoomba ruhusa ya kusema neno moja zaidi, na neno hilo linamhusu Absalomu, ambaye hamtaji kwa jina. Mwigizaji mchanga angelitoa neno hilo mapema, akakosa kiapo. Huyu alijua kungoja.

Sasa tuje Harry Thuku Road, katikati ya jiji, ambako shirika la utangazaji la taifa lina makao yake hatua chache kutoka Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa lililofunguliwa 1952. Tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla shirika hilo halijawa KBC mwaka wa 1989, kipindi kimoja kimewafunza Wakenya kutazama kesi kama mchezo: Vioja Mahakamani. Chumba ni kimoja. Hakimu yuko juu, karani chini yake, mwendesha mashtaka upande huu, mshtakiwa kizimbani. Hakuna farasi anayekimbia, hakuna mji unaoteketea. Kilichopo ni mtu anayeulizwa swali na namna anavyolikwepa. Marehemu Gibson Gathu Mbugua, aliyefariki 2021, alijulikana na wengi kwa kuigiza mwendesha mashtaka, na ukimtazama unaona kazi ya kesi ilivyo. Swali la kwanza halina madhara, la pili linafunga mlango mmoja, na la tatu linamkuta mshtakiwa hana pa kutokea. Nathani alimjengea Daudi njia hiyo hiyo.

Najua nitaulizwa: kipindi cha kuchekesha kina uhusiano gani na Daudi akimlilia mwanawe? Katika Vioja, mshtakiwa ameiba kuku na Kiswahili chake kinalemewa na lafudhi ya kwao. Hapa tunazungumzia damu ya Uria, askari ambaye Daudi alipanga auawe. Pingamizi hili lina haki yake, na sitaki Daudi aigizwe kwa vichekesho. Ila kichekesho kile kinasimama juu ya mfupa usio wa kichekesho. Tunacheka kwa sababu mtu aliyekuja na uongo wake tayari anauona ukianguka neno kwa neno mbele ya watu. Ondoa kuku, weka mke wa mtu na barua iliyopelekwa kwa jemadari ili mumewe awekwe mahali pakali vitani, na mfupa unabaki ule ule. Kicheko kitakoma chenyewe.

Wengine watasema mtazamaji wa leo hana subira ya maneno matupu, anataka upanga. Ushahidi wa jiji hili hauungi mkono dai hilo. Mwaka wa 2013, tena 2017, tena 2022, kesi za kupinga uchaguzi wa rais zilipeperushwa moja kwa moja kutoka Mahakama ya Juu, City Hall Way. Katika maduka ya vifaa vya umeme, kwa vinyozi na katika mikahawa ya mjini, katika sebule za Kawangware hadi Lavington, watu walikaa saa nyingi kutazama mawakili wakibishana kuhusu fomu. Hapakuwa na muziki wala kamera ya kuruka angani. Mnamo 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu David Maraga aliposoma uamuzi wa kubatilisha matokeo ya urais, nchi nzima ilikuwa imetulia ikisikiliza sentensi. Haihitaji upanga hadhira iliyoweza kuingoja sentensi namna hiyo. Inahitaji kujua nani atapoteza nini hukumu ikisomwa.

Kuna la lugha pia. Wako wanaodhani Kiswahili cha Nairobi, chenye Sheng na haraka zake, hakiwezi kuketi kwenye kiti cha enzi, kwamba mfalme akifungua kinywa ataonekana kituko. Mimi naona kinyume. Msomaji wa Biblia wa Kenya amewasikia wafalme hawa kwa Kiswahili tangu tafsiri ya Union Version ya 1952 na zile zilizoitangulia. Kwake Daudi si mgeni anayehitaji kutafsiriwa. Wanafunzi wa sekondari wamemsoma Mtemi Bokono katika Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia iliyotoka 2001, wakaona mtawala akibanwa na ukweli kwa Kiswahili kilichosimama wima. Na mahakama yenyewe imetupa tabaka la lugha lililo tayari: mheshimiwa, naomba kuwasilisha, shahidi wa kwanza. Mwandishi mahiri atalitumia pengo lililopo kati ya lugha ya baraza na lugha ya mlangoni. Mfalme aseme kwa utaratibu, mjane aseme kama wasemavyo watu wa kwao, na hasira ikipanda, mfalme ateleze, aongee kama mchungaji wa Bethlehemu aliyekuwa. Mtelezo huo mmoja utasema kuliko taji.

Wala wasanii hawakosekani. Huko Kilimani, Maalim Juma Road, Citizen TV imewapa watazamaji tamthilia za Kiswahili za kila jioni, Maria kuanzia 2019 na Sultana kuanzia 2022, zilizothibitisha kwamba familia tajiri yenye siri, watoto wa mama tofauti na urithi usiogawanywa inaweza kuwaketisha watu mbele ya runinga miezi na miezi. Nyumba ya Daudi ni hiyo hiyo: Amnoni na Tamari, Absalomu na Adoniya, Bathsheba akiingia chumbani mwa mzee aliyelala kwa ubaridi ili kumkumbusha ahadi. Sioni kinachokosekana isipokuwa mtu wa kuiona.

Mahali ambapo sanaa hii ingewaka kweli, kwetu, ni shamba la mizabibu la Nabothi. Ahabu analitaka kwa sababu liko karibu na jumba lake. Nabothi anakataa, ni urithi wa baba zake. Mfalme anajilaza kitandani, anageuza uso ukutani, anagoma kula. Kisha Yezebeli, mkewe, anaandika barua kwa jina la mfalme, anazipiga muhuri wa mfalme, na wazee wa mji wanaitisha baraza, wanaketisha mashahidi wawili wa uongo mbele ya Nabothi, na Nabothi anapigwa mawe kihalali kabisa. Hakuna aliyevunja mlango. Makaratasi yalikuwa sawa. Nairobi inaijua hadithi ya ardhi inayotwaliwa kwa muhuri. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilijaa ugawaji haramu wa ardhi ya umma uliopitia katika ofisi za serikali. Na inajua upande wa pili pia. Mwaka wa 1989 ilipotakiwa kujengwa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Wangari Maathai alichukua kalamu akaandika barua, ofisi baada ya ofisi, akadhihakiwa Bungeni, akaendelea kuandika. Jengo halikujengwa. Katika kisa cha Nabothi barua zote ziko upande wa jumba la kifalme. Mtunzi wa Nairobi akiiandika kesi hiyo atakuwa na mtazamaji ambaye ukimya wa upande ule mwingine unamuuma, kwa maana anajua unavyoweza kuvunjwa.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la waumini: nani amekupa ruhusa ya kuongeza maneno katika Maandiko? Jibu langu ni kwamba sanaa ya kesi ndiyo inayohitaji kuongeza kidogo zaidi. Anayetaka vita hubuni vita. Anayetaka mapenzi hubuni kitanda. Anayeigiza kesi anakuta mashtaka, majibu na hukumu tayari mahali pake. Kazi yake ni kupima kimya. Katika Samaria iliyozingirwa kwa njaa, mfalme anapita juu ya ukuta. Mwanamke anamwita kutoka chini na kumletea kesi ya kutisha mno, ya mama wawili waliopatana juu ya watoto wao. Mfalme hana hukumu. Anararua vazi lake, na watu walioko chini wanaona kwamba ndani, juu ya ngozi, alikuwa amevaa gunia la maombolezo muda wote. Huna haja ya kumwandikia mfalme huyu hata neno la huzuni. Kitambaa cha nje kipasuke polepole, kamera ikae chini pamoja na watu.

Kutosikilizwa nako kuna tamthilia yake. Absalomu aliporudi, alikuwa akiamka mapema na kusimama kando ya njia ya lango. Kila mwenye kesi, Absalomu alimwuliza ametoka mji gani, akamwambia madai yake ni mazuri ila mfalme hakuweka mtu wa kumsikiliza. Alikusanya mioyo ya watu hivyo, kesi moja moja, kabla ya kutuma wapelelezi katika makabila yote wakingoja sauti ya baragumu itakayotangaza kuwa anatawala Hebroni. Alfajiri ya 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walioasi waliingia katika kituo cha Sauti ya Kenya na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Baragumu lilikuwa Harry Thuku Road. Mwongozaji atakayemwigiza Absalomu katika jiji hili asianze na gari lake la vita na watu 50 wa kukimbia mbele yake. Aanze langoni, na mtu aliyetoka mbali akiwa na faili kwapani, akiambiwa na kijana mzuri wa sura kwamba ana haki.

Na mwanamke wa Tekoa? Amekwisha kusema yote, kiapo kimepatikana, neno limetoka. Mfalme anamtazama, kisha anamwuliza kama mkono wa Yoabu umo katika jambo hili. Ameutambua utungo, amemtambua na mtunzi. Mwanamke hakani. Anakiri kwamba kila neno alitiwa kinywani na Yoabu. Kamera ingefaa isiondoke kwake hapo, kwenye mikono mikavu isiyopakwa mafuta, wakati mfalme, nje ya picha, anamwita Yoabu na kumwambia akamrudishe kijana.