Neno Lililomzidi Mwenyewe

Habari za Shakahola, Kenya, ambako waumini walifunga kula hadi kufa kwa kumwamini mhubiri wao, zilipotoka mwaka 2023, na miili iliyofukuliwa msituni ikapita 400, nilirudi kwenye kitabu ambacho wengi tulikisoma ili tufaulu mtihani tu: Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein juu ya Vita vya Maji Maji, iliyochapishwa 1969. Nilikisomea Kimamba, kibarazani, mkonge ukiwa mbele yangu hadi macho yanapoishia. Si mahali pageni kwa kisa hicho. Moto wa vita hivyo vya kupinga Wadachi, yaani Wajerumani, haukuishia Umatumbi ulikoanzia. Ulipanda hadi Uvidunda, humuhumu wilayani Kilosa.

Shuleni tulikariri dhamira: umoja, ukombozi. Umbo tuliliruka.

Tazama nani anasema wapi. Kinjeketile, mtume wa vita hivyo, akishapagawa na pepo Hongo, ananena hadharani, mbele ya umati: maji yatawakinga na risasi, unganeni. Kisha, katikati ya ahadi ya uhuru, anawatangazia kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Ulimi umeteleza mara moja tu, na watu wametolewa mikononi mwa Mdachi wakakabidhiwa Sultani wa Unguja. Sisi wasomaji tunashtuka. Umati umeshayashika maji. Akizinduka, anaambiwa aliyoyasema, naye anaogopa. Mnenaji ndiye wa mwisho kujua amenena nini.

Mashaka nayo yana mahali pake. Kitunda, anayewafunza vijana vita, huyasema faraghani, watu wawili wakitazamana. Imani imepewa uwanja, mashaka yamepewa chumba. Hapahitajiki hata mtu wa kukataza maswali. Swali likitoka chumbani halina pa kusimama. Kinjeketile mwenyewe anapowataka watu wasubiri, wanaanza kumtilia shaka yeye, si maji. Mtume amegeuka mzushi katika dini yake!

Kisha kuna suala la tarehe. Kinjeketile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wiki kadhaa kabla ya bunduki za bombomu kufyeka watu kwenye boma la Mahenge, 30 Agosti. Hakuyaona mauaji hayo. Hussein, aliyesema wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, amemwongezea siku za kuishi ili ayaone, na akiwa gerezani atakiwe kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa: akitamka, wajukuu wataambiwa kupigana kwenyewe kulikuwa kosa.

Walimu wetu waliita huo ushujaa. Nakubali nusu. Nusu ya pili imo katika mpangilio wa onyesho: ukweli umewekwa kinywani mwa adui. Anayetaka maji yakanwe ni mkoloni, kwa hiyo kuyakana ni kusaliti. Mlango wa kuyakana maji Hussein kaufunga makusudi, na kila tukiusukuma tunajikuta tuko upande wa Wadachi. Ndivyo mwenye swali anavyonyamazishwa hata leo, msikitini, kanisani au kilingeni: hajibiwi, anaulizwa ametumwa na nani.

Nikafunua tena kurasa za mwanzo. Tamthilia inafunguka kwa wanawake wakizungumzia njaa, nani ana chakula na nani hana. Gerezani hawamo. Swali la kama maji yalikuwa kweli linamalizwa na wanaume waliofungwa na wanaume waliowafunga, na wajane wa Mahenge hawakuandikiwa hata mstari mmoja wa kuuliza.