Talanta, Sabuni na Daftari la Madeni

Insha tunayoizungumzia hapa iliandikwa na binti wa usharika wetu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, na aliisoma mwenyewe mbele ya washarika Jumapili ya Vijana. Ina kurasa 11 zilizoandikwa kwa mkono. Inaeleza jinsi alivyoanza kutengeneza sabuni ya maji akiwa chuoni, jinsi alivyomtanguliza Mungu katika kazi hiyo, na jinsi biashara ilivyosimama kabla mwaka haujaisha. Alipomaliza kusoma tulipiga makofi, Mchungaji akamwombea, tukatoka nje kwenda mnadani. Fotokopi zilibaki kwenye meza ya mzee wa zamu. Sisi tunaokutana Jumatano jioni kusoma Neno na vitabu, watu saba kwa kawaida, tulichukua nakala moja tukaisoma kwa wiki tatu. Mwandishi ameridhia tuandike, mradi jina lake lisitajwe. Tunaandika kwa sababu tunaiona ni insha nzuri iliyofikia hukumu isiyo sahihi, na kwa sababu kosa la hukumu hiyo si lake peke yake.

Tuanze na uzuri wake. Kurasa za tatu hadi tano, anapoeleza mapishi ya kwanza, tulizisoma mara mbili kwa sauti. Ananunua salfoniki, slesi, soda ash, chumvi ya mawe, rangi na manukato kwa fedha aliyoibana kwenye boom, kama wanafunzi wanavyoiita fedha ya kujikimu. Anakoroga kwenye ndoo kubwa usiku, kuelekea upande mmoja tu kama alivyofundishwa, na povu linapanda mpaka anaogopa kwamba ameharibu. Tone la salfoniki linamwunguza kiganja. Anasali juu ya ndoo. Mwenzake wa chumba, ambaye ni Mwislamu, anashika mwiko kwa zamu yake na kusema bismillahi, kisha wanalala na madirisha wazi kwa sababu ya harufu. Asubuhi povu limetulia na sabuni imekuwa nzito. Hapo mwandishi hahubiri hata neno moja, na ndipo tulipomwona Mungu kwa karibu zaidi katika insha nzima. Mama mmoja katika kikundi chetu, aliyewahi kupika sabuni ya mche miaka ya shida, alisema kila jambo liko sawa, hata ile hofu.

Kurasa mbili zinazofuata zinaeleza neno mjasiriamali. Moja ingetosha. Anaonyesha kwamba ndani yake mna ujasiri na mna mali, na kwamba ujasiri wa Mkristo ni imani. Ni kweli kwamba neno hili limewapa heshima vijana ambao zamani tungewaita wachuuzi tu. Lakini limetumika mno kwenye semina na mabango, na mwandishi analipokea jinsi lilivyo, bila kuuliza ni ujasiri wa kufanya nini hasa. Swali hilo insha inalijibu baadaye bila kukusudia.

Kisha anamleta Lidia wa Matendo 16, mwuza rangi ya zambarau kutoka Thiatira, na kusema kwamba Mungu alimbariki kwa mali kwa kuwa aliamini. Tumeisoma sura hiyo tena na tena. Lidia alikuwa tayari anauza zambarau kabla Paulo hajafika Filipi. Maandiko yanasema Bwana aliufungua moyo wake, na kwamba yeye naye aliwafungulia mitume nyumba yake. Juu ya biashara kukua baada ya ubatizo hayasemi lolote. Huenda ilikua, huenda ilipungua, Luka hakuona haja ya kutuambia. Binti yetu hakulibuni jambo hili. Amelisikia mara nyingi kwenye semina za vijana, na sisi wenyewe tumekaa tukaitikia Amina.

Kosa la namna hiyo linarudi katika habari ya mnada. Chupa ya kwanza ya lita moja aliileta kanisani kama malimbuko. Baada ya ibada ikanadiwa, ikapanda hadi shilingi 12,000, na yeye akarudi chuoni akiamini kwamba Mungu amemwonyesha soko. Wapendwa, sote tunajua mnada wetu. Tumewahi kununua yai moja kwa shilingi 5,000 kwa ajili ya bati za kanisa, kisha mnunuzi akalirudisha linadiwe tena. Bei ile ni sadaka. Kesho yake lita moja ya sabuni ile ile ilikuwa shilingi 1,500, na anayenunua anauliza kama hamna ya 1,000. Ingefaa mtu mzima amweleze binti jambo hilo siku ile ile, pale pale chini ya mwembe, lakini hakuna aliyefanya hivyo.

Tunakuja sasa kwenye moyo wa insha, yaani mfano wa talanta katika Mathayo 25. Kama wengi wetu, mwandishi anasoma talanta kwa maana ya kipaji. Lugha yetu imekwisha kulichukua neno hilo kwa maana hiyo na hatuwezi kulirudisha. Lakini katika mfano wenyewe talanta ni fedha, tena fedha nyingi. Kwa hesabu inayokubalika na wengi, talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na katika Mathayo 20 dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku. Aliyepewa moja tu alikabidhiwa ujira wa miaka karibu 20. Tena ilikuwa mali ya bwana wake, haikuwa mkopo wa kurudisha kwa makato. Boom ni mkopo. Insha inaiita mtaji kutoka kwa Mungu, nasi hatubishi kwamba mema yote yatoka kwake, ila Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nayo inalo jina la binti huyu katika vitabu vyake, na ilifaa litajwe.

Hayo ni madogo. Kubwa ni hili. Katika mfano ule wapo watumwa watatu: wawili walifanya biashara wakapata faida, wa tatu akafukia. Hakuna wa nne aliyefanya biashara akapata hasara. Kwa hiyo kijana aliyejaribu na kushindwa akiufungua mfano huu kujitafuta, hujikuta hana kiti. Faida hana, basi atakuwa ni yule mtumwa mbaya na mlegevu. Hivi ndivyo binti yetu alivyofanya. Katika ukurasa wa kumi anajihesabu pamoja na aliyefukia, na sababu anayoitoa ni kwamba wakati wa mitihani aliacha sala ya asubuhi, imani ikapoa, na Bwana akaondoa mkono wake. Ukurasa wa mwisho ni toba. Tuliisikia toba hiyo kanisani tukaguswa, wengine wakalia.

Lakini mbele ya ukurasa wa kumi kuna ukurasa wa tisa, ambao alipousoma Jumapili aliupitia haraka, na sisi tuliufikia wiki ya pili. Ndani yake amenakili daftari lake. Mapishi ya kwanza: vifaa shilingi 38,000, sabuni lita 40, mauzo 60,000. Faida ameandika 22,000. Zaka ametoa 6,000, yaani sehemu ya kumi ya mauzo yote. Nauli na chupa, ambazo ameziandika pembeni kama kitu kisichohusika, ni 9,000. Inabaki 7,000 kwa jioni mbili za kukoroga na siku tatu za kuzunguka. Anayefua nguo za watu mtaani kwetu hapati kidogo hivyo.

Chini ya hapo kuna orodha ya mikopo hadi mwisho wa muhula: watu 14, lita 49, shilingi 73,500. Majina hakuyaandika, ameandika tu "wapendwa". Wapendwa ndio sisi.

Tunaomba msomaji akae kidogo na ukurasa huo kama tulivyokaa sisi. Biashara hii haikusimama kwa sababu ya sala ya asubuhi. Ilisimama kwa sababu fedha ya kununulia salfoniki ya mapishi yaliyofuata ilikuwa mifukoni mwa washarika. Tena tazama ile zaka. Alikuwa anaihesabu siku anapotoa sabuni, hakungoja siku ya kulipwa, kwa hiyo na ule mkopo aliutolea zaka: shilingi 7,350. Kanisa limepokea sehemu ya kumi ya fedha ambayo wana wa kanisa hawajaitoa. Mweka hazina wetu wa zamani, ambaye yumo katika kikundi hiki, aliirudia hesabu hiyo mara tatu, kisha akavua miwani.

Kwa nini hakudai? Jibu liko katika sentensi moja tu ya insha, na tungetamani ziwe kurasa tatu. Anasema alikwenda mara mbili nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa kuulizia fedha. Alipiga hodi, akakaribishwa, akatoa shikamoo, akapewa chai, akaulizwa habari za masomo, akaombewa, akaondoka. Kila mtu aliyelelewa katika nyumba zetu anaielewa safari hiyo. Ukishampa mtu mzima shikamoo, na yeye ameitikia marahaba, unaanzaje kumwambia naomba shilingi zangu 4,500? Ujasiri aliouhitaji binti huyu, ule wa ndani ya neno mjasiriamali, ulikuwa ni wa kumaliza sentensi hiyo mbele ya mzee. Na mzee, ambaye alikumbuka vizuri sabuni iko jikoni, ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumwondolea mzigo kwa neno moja. Heshima yetu, ambayo ni njema, tuliitumia kama kufuli.

Maandiko yanamjua mtu wa namna hii, ingawa hayumo katika Mathayo 25. Walawi 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Yakobo katika sura ya 5 anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Kiti cha binti yetu kipo huko, na hasemwi kama mtumwa mlegevu hata kidogo. Yakobo anawasemesha matajiri, na sisi hatujioni matajiri, lakini mbele ya mwanafunzi anayeishi kwa boom, mwenye mshahara wa mwezi ni tajiri.

Babu yetu wa imani Martin Luther aliandika mwaka 1524 kitabu kidogo juu ya biashara na riba. Kinajulikana zaidi kwa ukali wake dhidi ya wafanyabiashara wanaosema wana haki ya kuuza ghali kadiri wawezavyo. Lakini mumo humo anasema pia kwamba mwuzaji ana haki ya kuhesabu gharama, taabu, kazi na hatari yake katika bei, na ili ajue kiasi gani, ajilinganishe na kibarua anayelipwa kwa siku. Hilo ndilo tunalolikosa katika daftari hili. Jioni za kukoroga hazimo. Kiganja kilichoungua hakimo. Ameandika kwamba kazi yake ilikuwa ibada, nasi tunaamini ni kweli, ila ibada haizuii mikono kuhesabiwa. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila ili asiwalemee watu. Hatusomi kwamba aligawa mahema.

Hatukukubaliana yote. Mmoja wetu, mzee wa kanisa wa miaka mingi, alionya kwamba tukimwondolea kijana toba yake tutamfundisha kutafuta wa kulaumu kila anapoanguka. Alisema Mungu hutumia hasara kumwita mtu arudi kwenye sala, na kwamba yeye mwenyewe aliitwa hivyo mwaka duka lake lilipofungwa. Tunaliheshimu neno hilo. Binti ana haki ya kutubu kuhusu sala zake, jambo hilo ni kati yake na Bwana wake. Tunachokataa ni toba yake kuwa risiti ya madeni yetu. Alipojilaumu hadharani, watu 14 walikaa kwenye mabenchi wakasikiliza, na wengine, tunasema kwa aibu, waliinua mikono wakati wa kumwombea.

Kwa hiyo kama wahakiki tumemwomba jambo moja: aandike upya kurasa mbili za mwisho, na katika uandishi huo ukurasa wa tisa usipitiwe haraka. Safari ya kwenda kwa mzee aieleze yote, na chai, na maombi, na njia ya kurudi. Lidia amwache kama Luka alivyomwacha. Neno la mitihani na sala libaki, kwa ufupi.

Ametujibu kwamba atafanya baada ya mitihani. Kuhusu orodha, alikataa kututajia majina, tukabaki tunaangaliana. Kisha mmoja wetu akasema lita mbili za bluu, za mwezi wa Pasaka, ni zake. Mwingine akasema tatu. Mzee wa kanisa aliyetuonya alikaa kimya kidogo, akauliza lita moja ilikuwa shilingi ngapi, akatoa noti ya 5,000, na kusema chenji apewe mwenyewe binti. Jumla ya jioni hiyo ilikuwa shilingi 12,500, pamoja na chenji hiyo. Tumezifunga kwenye bahasha. Katika watu 14 wametoka watatu, na fotokopi nyingine bado ziko kwenye meza ya mzee wa zamu.