Mkono wa Mpima Maji

Kabla ya kuteka hata tone moja, yule papa, mzee wetu anayepima maji, hukizunguka kisima. Mkoba bado umefungwa. Anautazama ufa kwenye sakafu ya saruji, anayafuata kwa macho maji yanayomwagika aone yanarudi wapi, kisha anapima kwa hatua hadi choo kilicho karibu. Ikiwa hatua hazifiki mita 30, hunyamaza, na anayemfahamu hujua kwamba hapo hajapendezwa. Wamama waliopanga bidoni zao hapa Base, kambi ya Kamina, humpisha. Mmoja humuuliza, "Papa, mai iko muzuri?" Naye hujibu, "Mama, macho haitoshi. Kesho."

Nimependa kumtazama kwa muda mrefu, na kinachonivuta kuliko vyote ni moto. Huufuta mdomo wa pampu, akashika kwa koleo pamba iliyolowa spiriti, akaiwasha na kuupitisha ule mwali kwenye chuma hadi kipate joto kweli. Kisha hupampu na kuyaacha maji yakimbie. Watoto hucheka wakiona maji yanachomwa. Baada ya hapo chupa hufunguliwa, na kifuniko hakiwekwi chini. Hukishika kikiangalia ardhi, vidole visiguse ndani. Hazungumzi wala hakohoi juu ya chupa. Huijaza, huacha nafasi kidogo juu, huifunga. Adabu yote hiyo ina sababu moja: kisima kisije kikabebeshwa uchafu wa mkono wa mpimaji. Sijui kazi nyingine ambayo fundi huhangaika hivyo ili yeye mwenyewe asionekane kabisa katika kile alichokifanya.

Vidonge vinavyoyapa maji rangi ya waridi pale penye klorini ni kazi ya dakika chache: miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, basi, mlinzi bado yupo. Subira yenyewe iko kwenye ile karatasi nyembamba ya kuchujia. Mililita 100 hupita, vijidudu hubaki juu, na kisahani huingia kwenye joto la nyuzi 44 usiku kucha. Nyuzi 44, si 40 wala 48. Betri ikichoka saa nane za usiku, kazi ya mchana mzima imeharibika, kwa hiyo huamka kuiangalia. Asubuhi huinamia kisahani na kuhesabu madoa ya manjano moja baada ya jingine. Shirika la Afya Duniani linataka yasiwepo kabisa. Akipata doa moja, huandika moja. Nimewahi kuona watu wakimsihi aandike sifuri kwa kuwa kisima ni cha mtaa wao. Hakukasirika, wala hakuandika.

Baka, kama wazee wanavyoendelea kuiita Base, ilijengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na vitabu vinaikumbuka kwa ndege zake. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli waliruka kutoka hapa kwenda Stanleyville, Kisangani ya leo. Maji yaliyonywewa na familia zilizobaki nyuma ya uwanja hayakupata mwandishi. Ila wako waliojua mapema kwamba maji nayo yana historia. Daktari James Christie alikuwa Unguja kipindupindu kilipoingia mwaka 1869, na katika kitabu chake cha 1876 aliufuata ugonjwa huo kwenye njia za misafara. Sisi wa Haut-Lomami hatuhitaji kusafiri mbali kumwelewa: kule Bukama na Malemba-Nkulu, kando ya Lualaba na maziwa ya Upemba, kipindupindu hurudi kama mtu anayerudi kwake.

Ndiyo maana daftari la papa lina thamani kwangu kuliko pampu yenyewe. Tarehe, kisima, mvua imenyesha au la, idadi ya madoa. Ukilifunua utaona visima vinavyokuwa safi kiangazi kizima na kuchafuka mvua za kwanza zinapoosha viwanja na kuingia kwenye ufa uleule alioukagua. Kipimo kimoja hakiwezi kukuambia hayo. Huyajua yule tu anayerudi.

Na kurudi ndiko tulikoacha. Siku hizi kisima huchimbwa, hupakwa rangi, hupigiwa ngoma, huandikwa jina la mfadhili kwenye kibao. Hupimwa siku ya kukabidhiwa, na karatasi ya majibu huondoka na gari lililoileta. Maji yakitoka maangavu, tunaona yametosha. Vijana wanaopenda kazi huulizia mashine inayojibu papo hapo. Habari ya kuamka saa nane za usiku hawataki kuisikia. Unga wa kuoteshea vijidudu umekwisha mkobani mwa papa, na ameomba mwingine mpaka amechoka kuomba. Fulana zinazogawiwa katika sherehe moja ya kuzindua kisima zingeununua, na ungebaki wa kutosha kupima mvua za kwanza za mwaka huu katika visima vyote anavyovifahamu. Tumechagua fulana.