Sifa za Uvuvi wa Taa

Wako watu wengi, na miongoni mwao wamo wenye elimu yao, wanaoitakidi kwamba kazi ya mikono haistahiki kuitwa ustadi mpaka iwe imerithiwa kwa mababu wa mababu, na kwamba chombo, wimbo na ada za kazi hiyo, ikiwa mwanzo wake unajulikana kwa tarehe, basi ni mambo ya kuazima tu yasiyo na mizizi. Rai hiyo naiheshimu lakini siiafiki. Na hoja yangu ya kuikataa iko katika tarafa ya Nyamyumba, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi nchini Rwanda, ambako kila jioni isiyo na mbalamwezi watu huingia Ziwa Kivu kwa mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu, wakafanya kazi ambayo babu zao hawakuijua, kwa sababu samaki wanayemwendea hakuwako.

Samaki huyo ni sambaza. Asili yake ni Ziwa Tanganyika, ambako watu wa Kigoma humhesabu katika jumla ya dagaa wao, na wataalamu humwita Limnothrissa miodon. Baina ya Tanganyika na Kivu uko mto Ruzizi, unaotoka Kivu penye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari na kuporomoka kiasi cha mita 700 hata ufike Tanganyika, njia ambayo dagaa hana nguvu ya kuipanda. Alipandishwa kwa mkono wa mtu. Baina ya 1958 na 1960 Mbelgiji mmoja, Collart, alichukua vifaranga vya dagaa wa namna mbili kutoka ziwa la chini akavitia katika ziwa la juu; namna moja ikatoweka, na ya pili, ambayo wala siyo iliyotegemewa zaidi, ikakaa ikazaana. Sababu ya kumleta ilikuwa wazi kwa aliyelitazama ziwa: samaki wa asili wa Kivu, wasio wengi wa namna, walishikamana na kando, penye mawe na majani, na lile eneo kubwa la katikati lilikuwa shamba lisilo na mvunaji, limejaa vidudu vidogo vya majini ambavyo hapana samaki aliyevila kwa wingi.

Wala si sambaza pekee aliyeingia nchi zetu kwa mlango huo. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza aliyekwisha pata jina kwa safari yake ya miguu kutoka kusini mwa Afrika kwenda Misri, alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven ya Uskochi na kuyapandikiza katika mto Gura, unaoshuka milima ya Nyandarua nchini Kenya. Namtaja trauti kwa makusudi, kwa kuwa uvuvi wake umeandikiwa vitabu vya kujaza maktaba, ilhali wa sambaza umeachiwa taarifa za miradi na hesabu za tani. Na haki isemwe: uvuvi wa trauti ni kazi ya adabu kubwa. Mvuvi hupanda kijito kwa miguu, akienda juu dhidi ya mkondo, maana trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, na anayemjia kwa nyuma haonekani. Hana chambo cha kuliwa, ana mdudu wa uwongo aliyefungwa kwa uzi na manyoya juu ya ndoana ndogo, na kazi yake yote ni kujua mdudu gani anayeliwa saa ile na katika maji yale. Katika nchi za baridi wako wanaoendelea hata wakati wa theluji, wadudu wakiwa haba na samaki amekuwa mzito asiyetaka kusogea, wakatumia mdudu mdogo zaidi na kumwacha azame taratibu mpaka mbele ya pua yake. Wadudu hao wa manyoya, ni vyema ikumbukwe, kwa muda wa miaka mingi wengi wao wamefungwa kwa vidole vya mafundi wa Kenya na kuuzwa ng'ambo, kwa watu ambao pengine hawafikiri kabisa ni nani aliyewafunga.

Nikiuweka uvuvi huo kando ya ule wa Nyamyumba, naona kwamba asili ya hila yao ni moja. Kila mmoja humwonyesha samaki kitu cha uwongo kinachofanana na anachokitaka kwa dhati. Mvuvi wa Gura huiga chakula. Mvuvi wa Kivu huiga saa.

Hapa yataka nieleze ziwa lenyewe, kwani pasipo kulielewa hila haieleweki. Kivu ni ziwa refu kwenda chini, hufika mita 485, lakini samaki wake wote wamo katika tabaka la juu, maana kupita mita sitini au sabini hivi maji hayana hewa ya kuvuta, bali yamelimbika gesi ya kaboni na gesi ya methani iliyoyeyuka. Watu wa Nyamyumba hawakuhitaji kuambiwa kwamba chini yao kuna mambo: chemchemi za maji ya moto huchuruzika ufuoni kwao, wenye maumivu ya viungo huja kujikanda humo, na usiku wa mawingu hupata wekundu kutoka mdomo wa volkano ya Nyiragongo. Huko huko Nyamyumba, mahali paitwapo Rubona, penye kiwanda cha bia kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ilianza kuvutwa methani ya ziwa mwaka 1963 ili kuwasha matanuri ya kiwanda hicho, jambo ambalo lilikuwa ajabu ya dunia na ambalo wapita njia wengi hawalijui. Basi sambaza anaishi baina ya dari na sakafu: juu yake mna ndege na jua, na chini yake mna maji ya mauti. Mchana hushuka mpaka karibu na ukingo wa uhai, akijificha na macho ya maadui. Jioni hupanda juu pamoja na vidudu anavyovila. Naye hula kwa kuona. Giza likishakaza hali tena kwa raha, hungoja alfajiri. Wakati wake bora ni ile nusu-nuru ya machweo na ya mapambazuko, inayopita upesi sana katika nchi zilizo karibu na ikweta. Taa ya mvuvi ni machweo yasiyokwisha. Vidudu huikusanyikia, samaki huvifuata vidudu, na kinachomponza si tamaa ya ajabu, ni ada yake ya kila siku iliyorefushwa kwa hila.

Chombo cha kazi hiyo nakiona ni mojawapo ya vyombo vyenye akili katika maziwa yetu. Sisi wa pwani tumeizoea ngalawa, yenye mtumbwi mmoja na matengo mawili, na matengo hayo hayana heshima yao wenyewe, kazi yao ni kuuzuia mtumbwi usipinduke. Chombo cha Kivu ni mitumbwi mitatu iliyo sawa, kila mmoja na watu wake na taa yake, imeunganishwa kwa miti ya mikaratusi iliyokingamishwa na kufungwa imara. Na mbele na nyuma hutoka miti mingine mirefu, myembamba, iliyopinda juu kama pembe za ng'ombe wa inyambo, ambayo ndiyo huishika miisho ya wavu kwa kamba. Uvuvi wa namna hii, wa wavu wa kuinua chini ya taa, ulikuzwa upande wa Rwanda tangu mwisho wa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 kwa msaada wa mradi wa Umoja wa Mataifa uliokuwa Gisenyi. Kwa hiyo yule mzee anayekaa leo chini ya mti pale Rubona akiwatazama vijana wakikaza kamba, na kuwakaripia kwamba fundo halifungwi hivyo, huenda yeye mwenyewe alikuwa kijana wakati fundo hilo lilipofungwa mara ya kwanza. Mila imemkuta akiwa hai, akaipa sauti ya uzee wake, na sasa vijana humsikiliza kwa taadhima ile ile ambayo wangempa aliyerithi kwa mababu kumi. Kwangu huo ndio ushahidi wa kutosha.

Wavuvi hutoka kabla ya jua kuzama, kwa makafi, na kwa nyimbo. Wageni hupanda mashua kwa ajili ya nyimbo hizo, wakazipiga picha kama kwamba zimetungwa kwa ajili yao. Na pengine siku hizi sauti huongezwa kidogo mashua ya wageni ikikaribia, jambo ambalo silioni kuwa dhambi. Lakini wimbo una kazi. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja haiendi sawa isipokuwa makafi yote yameingia majini kwa pigo moja, maana wa kushoto wakizidi chombo chote hukata upande, na kamba za viungo huanza kulia. Mmoja huanza, wengine humpokea, mpigo ukashika mikono. Na hapo ndipo mtu huona kwamba kiongozi wa wimbo si lazima awe na sauti nzuri, bali awe na pumzi ya kujua wenzake wamechoka kiasi gani.

Wakifika mahali hunyamaza. Wavu hushushwa chini, taa huwashwa, na huanza kungoja, ambako ndiko mwenye kazi na asiyeijua hutofautiana. Zamani taa ilikuwa karabai, yenye pampu na mlio wake, na mtu alipaswa kuilinda na upepo na kuchagua utambi kwa uangalifu. Siku hizi ni taa za betri, nyingine zimetiwa nguvu kwa jua la mchana, na hakuna tena harufu ya mafuta ya taa. Hilo ni faraja, na sioni la kulilia. Maarifa yalipokuwa pale pale ndipo yalipobaki, yaani katika kuamua lini wavu uinuliwe. Ukiinuliwa mapema, samaki bado wametawanyika; ukicheleweshwa, wameshiba au wameshtuka, na kundi likavunjika. Kiongozi hutazama namna maji yanavyochezacheza chini ya nuru, akaangalia wepesi wa vimulimuli vya fedha vinavyopita, akasema neno moja, na watu wa mitumbwi yote huvuta kwa pamoja, upole kwanza, kisha kwa nguvu zote, mpaka wavu utokeze ukimetameta. Hufanya hivyo mara kadhaa kwa usiku, wakihama au wakikaa, kwa rai ya yule yule mmoja. Naye akikosea hapana anayemlaumu usiku ule.

Majira yake yaliyo bora, kwa maoni yangu, ni kipupwe, tangu Juni hata Agosti. Usiku huwa na baridi ya kweli, kwa kuwa nchi iko juu, na watu huvaa makoti mazito na kofia za sufu kana kwamba wako Nyandarua. Pepo za kiangazi hulisukasuka tabaka la juu la ziwa, zikainua rutuba iliyozama, na kwayo hustawi mimea midogo ya maji, kisha vidudu vinavyoila, kisha mwenye kuvila vidudu. Tena mvua zimekatika, na mto Sebeya, ambao masika hulitia ziwa matope mekundu kutoka milima ya Gishwati, na ambao mwezi Mei 2023 ulifurika ukaangamiza nyumba na roho za watu wa Rubavu, umetulia. Maji yakawa safi na nuru ya taa ikafika mbali. Mwezi ukipea, kazi husimama. Mbalamwezi huiangaza sehemu yote ya ziwa, na taa haina tena kitu cha kuahidi. Siku hizo nyavu hushonwa na madeni hulipwa, au huongezwa.

Mwaka 1986 Mbelgiji mwingine, Henri Dumont, aliandika kwa hofu kwamba sambaza amevila vidudu vya Kivu mpaka vikubwa vyake vimetoweka, na kwamba uvuvi ungeporomoka. Kwa habari ya vidudu alisema kweli. Uvuvi haukuporomoka, ingawa sisemi kwamba hofu yake ilikuwa bure, maana wako wanaoingia na zile nyavu za macho madogo ziitwazo kaningini, na kuzoa wachanga waliojificha kando kando. Hapa ndipo mvuvi wa Gura anapotupita kwa wepesi: yeye humtoa trauti ndoana, akamrudisha kijitoni, akaenda zake akijiona mwema. Sambaza hana msamaha wa namna hiyo; akitoka majini hufa papo hapo. Msamaha wake ni lazima utolewe kwa jumla, kabla, kwa ukubwa wa macho ya wavu na kwa kalenda, na ndiyo maana Rwanda huufunga uvuvi wa ziwa kiasi cha miezi miwili kila mwaka, aghalabu baada ya katikati ya mwaka. Ni msamaha mgumu zaidi, kwa kuwa anayeutoa ni mtu mwenye watoto wa kulisha, na ng'ambo ya pili ya mpaka huona taa za Wakongo zikiwaka.

Alfajiri wanunuzi, wengi wao wanawake, huwa wamekwisha simama ufuoni na mabeseni. Wengine huanika, wengine hupeleka wabichi soko la Gisenyi, na walio hodari wa miguu huvuka nao kwenda Goma, ambako bei huwa nzuri. Sambaza hukaangwa mzima, kichwa na mkia, kwa chumvi na pilipili, akaliwa kwa ugali au ndizi au viazi vya kukaanga. Mvuvi wa trauti akitaka ujue ustadi wake hukusimulia yule aliyemwachilia. Wa Nyamyumba hukuonyesha beseni, na ukikawia kufika, beseni limekwisha vuka mpaka.