Mtoto wa Nyoka? Adui, Baba na Laana ya Ukoo katika Filamu za Halloween

Wazee wa usharika mmoja wa Kimandolu walipotuomba tuje kuzungumza na vijana wao, hoja yao ilikuwa fupi. Vijana hao, wakiisha kumaliza mazoezi ya kwaya Jumapili jioni, hukusanyika sebuleni kwa mmoja wao, huchomeka flashi kwenye runinga, na kutazama filamu za kutisha hadi usiku. Tuliombwa tuwaeleze ubaya wa jambo hilo. Tulikubali kwa sharti moja, yaani kwanza tuketi nao na kutazama wanachokitazama, maana si vema mhubiri akemee kitabu ambacho hajakisoma. Tulikaa nao jioni tatu. Makala haya ni matokeo ya jioni hizo, na twayatoa kwa wachungaji wenzetu na wanafunzi wa theolojia kwa sababu tuliyoyakuta si yale tuliyotumwa kuyakemea.

Tulitazamia kukuta vijana waliolewa damu. Tulikuta vijana wanaobishana. Filamu ilikwisha saa tatu, na ubishi ukaendelea hadi saa tano, nao haukuhusu nani kafa kwa namna gani. Walibishana juu ya swali moja: adui amekuwaje adui? Katika lugha ya vibanda vya video kila filamu ina stelingi na adui. Zamani za mikanda, wakati mfasiri mashuhuri Lufufu alipokuwa akiwahadithia Watanzania filamu za kigeni kwa Kiswahili, sisi tuliokuwa watazamaji hatukuuliza adui alizaliwa na nani. Ilitosha kujua kwamba mwishoni stelingi atammaliza. Vijana hawa hawatosheki na hilo. Wanataka kumjua mama yake, kujua alipigwa na nani, na kama nyumbani kwao kulikuwa na siri. Pale ambapo filamu haisemi wao hukisia, na makisio yao huyatetea picha kwa picha, kwa bidii ambayo tungependa kuiona kwa wanafunzi wetu katika somo la Kigiriki.

Filamu walizokuwa wakizitazama ni za mfululizo wa Halloween, ulioanzishwa na John Carpenter mwaka 1978. Kwa msomaji asiyezijua, kisa chenyewe ni chepesi. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1963, katika mji wa kubuniwa uitwao Haddonfield, Marekani, mtoto wa miaka 6 aitwaye Michael Myers anamwua dada yake Judith kwa kisu cha jikoni. Anafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Baada ya miaka 15 anatoroka, anavaa barakoa nyeupe, anarudi mjini kwao na kuanza kuua tena, akimwinda msichana aitwaye Laurie Strode. Filamu hiyo ya kwanza haitoi sababu hata moja. Daktari wake, Loomis, alijaribu kwa miaka mingi kumfikia, mwisho akakata tamaa na kusema kwamba kilichomo ndani ya mtoto yule ni uovu mtupu.

Nguvu ya filamu ile imo katika kimya hicho, na waliofuata hawakuweza kukivumilia. Mwaka 1981, katika filamu ya pili, ikatangazwa kwamba Laurie ni mdogo wake Michael. Kwa hiyo kumbe alikuwa akimaliza ukoo wake. Mwaka 1995 filamu ya sita ikaenda mbali zaidi: kuna laana ya kale, iitwayo Thorn, ambayo huwekwa juu ya mtoto mmoja ili awaue jamaa zake wote, na kuna watu wanaoilinda laana hiyo kwa siri. Mwaka 2007 Rob Zombie akasimulia kisa upya tangu mwanzo, safari hii akatupa nyumba yenyewe: mama anayecheza dansi katika kilabu cha usiku, mwanamume wa mama aliye mlevi na mwenye matusi, na shule ambayo mtoto anaonewa na wenzake. Kisha mwaka 2018 David Gordon Green akayafuta yote yaliyotokea baada ya filamu ya kwanza. Laurie si dada tena. Kijana mmoja ndani ya filamu hiyo anapouliza kama muuaji yule si kaka yake, mjukuu wa Laurie anajibu kwamba hayo ni maneno tu ambayo watu waliyatunga. Vijana wa Kimandolu walicheka sana hapo, maana walijiona wao wenyewe wametajwa.

Sebuleni mle kundi kubwa lilishika laana. Hilo halikutushangaza. Anayeishi Arusha na kupita kwenye viwanja vya mikutano ya Injili amesikia mara nyingi juu ya vifungo vya ukoo, madhabahu za mababu na damu ambayo haijanyamaza. Wako Walutheri wengi wanaokwenda huko siku za katikati ya juma na kurudi kwetu Jumapili. Wala tusijidai kwamba fundisho hilo limeletwa na wageni peke yao. Kila mtoto wa kipaimara amekariri katika Katekisimo Ndogo, mwishoni mwa Amri Kumi, lile neno la Kutoka 20 juu ya uovu wa baba kupatilizwa kwa wana hata kizazi cha tatu na cha nne. Tumewakaririsha wenyewe, na mara nyingi tumekimbilia sehemu ya tishio bila kukaa kwenye ahadi ya vizazi elfu inayofuata. Kijana aliyekariri hivyo, akiiona filamu ya 1995, haoni jambo jipya. Kundi dogo, likiongozwa na msichana anayesomea ustawi wa jamii, lilikataa laana na kushika malezi. Kwake yeye filamu ya 2007 ilimaliza mjadala: mpe mtoto nyumba kama ile, utapata mtu kama yule.

Makundi hayo yalijiona kuwa ni maadui wakubwa, mmoja akiwaita wenzake washirikina, naye akiitwa msomi asiye na imani. Kwa mtazamo wetu yote mawili yanasema neno moja, nalo ni methali yetu ya zamani kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. La kwanza laisema kwa lugha ya mapepo na la pili kwa lugha ya chuo. Yafaa ikumbukwe kwamba Ezekieli 18 ni sura iliyoandikwa dhidi ya methali. Waisraeli walikuwa na msemo wao juu ya zabibu mbichi na meno ya watoto, na nabii anawakataza kuutumia. Tena hakatazi kwa hoja tupu, bali anasimulia kisa cha vizazi vitatu: babu mwenye haki, mwana mwuaji, mjukuu aliyeona yote aliyoyafanya baba yake asiyatende. Mwuaji yuko katikati, na nabii hatuambii alilelewaje.

Tukizipima filamu zenyewe kwa kipimo hicho, ile ya 1995 ndiyo mbovu kuliko zote, kwa sanaa na kwa theolojia pia. Mwuaji aliyelaaniwa na watu wa siri amekuwa mtumwa wao tu, wala hakuna wa kumwogopa tena ila mashetani wa kukodishwa. Hata katika filamu zetu za Kitanzania, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilizotoka miaka ya 2000, kiumbe cha kutisha kina heshima kubwa kuliko hiyo. Filamu ya 2007 twaiona bora kuliko inavyosifiwa. Imethubutu kukaa na mtoto kwa muda mrefu kabla hajavaa barakoa, na mchungaji anayefundisha kipaimara atawatambua baadhi ya watoto wake humo. Lakini ina kasoro moja ambayo msichana wetu hakuweza kuijibu tulipomwuliza: Judith naye alilelewa katika nyumba ile ile, chini ya mlevi yule yule, na hakuua mtu.

Ile ya 2018 haikupendwa Kimandolu. Walimwona Laurie kuwa mama mkali mno, jambo ambalo tuliliona la kuchekesha tukikumbuka mama wa wengi wao. Sisi twaiona ndiyo yenye faida kubwa kwa mhudumu wa parokia. Inamwacha mwuaji bila historia, na jeraha inalitafuta kwa yule aliyejeruhiwa. Laurie ameishi miaka 40 akimngojea Michael arudi. Nyumba yake ni ngome, binti yake Karen alifundishwa bunduki badala ya michezo hadi serikali ikamchukua, na mjukuu Allyson anapenya kati ya mama na bibi wasiosemezana. Hapa kuna kurithi kwa kweli kutoka kizazi hadi kizazi, wala hakuna uchawi ndani yake. Hofu ya mtu mmoja imekuwa kanuni ya nyumba. Sisi hukaa muda mrefu tukichunguza ukoo wa mkosaji, na aliyekosewa tunamwombea mara moja na kumwaga.

Kuna mfululizo mwingine ambao vijana walituonyesha vipande vyake tu, ule wa Wes Craven ulioanza mwaka 1984 na A Nightmare on Elm Street. Humo mwuaji wa watoto alichomwa moto na wazazi wenye hasira, nao wakaficha habari hiyo kwa watoto wao. Miaka ikapita, marehemu akaanza kuwajia watoto hao usingizini. Tungependa kuwe na nafasi ya kuuandikia peke yake, kwa sababu unauliza kile ambacho Halloween haikuuliza: je, ikiwa siri iko upande wa watu wema?

Swali hilo si geni mlimani kwetu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, na baada yake Kapteni Johannes akaja na askari kutoka Moshi kuwaadhibu Wameru na Waarusha kwa vifo vingi, moto na mifugo kutekwa. Anayeanza kisa kwenye hema la wamisionari anaye adui mmoja. Anayekianza kwenye moshi wa vijiji anaye mwingine. Lakini ukikianza popote, wajukuu wa wapiganaji wale ndio wanaoimba leo katika makanisa ya Dayosisi ya Meru na ya Kaskazini Kati. Methali ya nyoka ingekuwa kweli, makanisa hayo yasingekuwako.

Hayo tuliyasema sebuleni na yalipokewa vizuri. Lakini hatuna budi kusimulia pia tulipokosea.

Kijana mmoja, mpiga kinanda wa kwaya, hakuwa upande wowote. Jioni ya pili aliomba filamu ya 1978 irudishwe mwanzo, mahali ambapo mtoto ametoka nje ya nyumba na kisu mkononi, na wazazi wamefika kwa gari. Baba anamvua barakoa, anamwita jina. Kisha hakuna kinachofuata. Baba na mama wanasimama tu, mtoto katikati yao, na kamera inapanda juu na kuwaacha. “Mtazameni baba,” kijana akasema. “Hakupiga kelele. Hakumshika. Hata kisu hakumnyang'anya.” Makisio yake yalikuwa kwamba ubaya wa Michael haukuwa umekamilika usiku ule, bali ulikamilika pale baba aliposimama.

Tulimjibu haraka. Tulimweleza kwamba mtengenezaji wa filamu alitaka tu tushtuke kuona mwuaji ni mtoto, na kwamba kwa Ungamo la Augsburg, kifungu cha 2, hatuhitaji kosa la baba ili kueleza dhambi, maana wote tuliozaliwa tumezaliwa nayo, Michael na Judith na daktari Loomis na sisi tuliokaa kwenye makochi. Akasema, “Sawa, Mchungaji,” na usiku ule hakusema tena.

Jioni ya tatu alitusindikiza hadi barabara ya Moshi kungoja daladala. Yafuatayo twayaandika kwa ruhusa yake, na baadhi ya mambo tumeyabadili asitambulike. Alipokuwa na miaka 9 alimpiga mdogo wake kwa jiwe wakigombana, na mtoto yule akapoteza jicho. Baba yao alifika, akaona, akasimama. Hakumchapa. Hakumwuliza. Tangu siku ile hadi leo hajalitaja jambo hilo, wala hajawahi kumwita kwa jina mbele ya mdogo wake. Bibi yake anasema ni damu ya upande wa baba, na mara mbili amepelekwa kwenye maombi ya kuvunja laana. Hakutuuliza kama amelaaniwa. Alituuliza kama, kwa maoni yetu, Michael angerudi nyumbani baada ya miaka 15 na barakoa usoni, iwapo baba yake angesema neno lolote usiku ule.

Daladala ya kwanza tuliiacha ipite, na ya pili.

Wiki iliyofuata tulikwenda kumtembelea mzee huyo. Alitukaribisha chai, akazungumza juu ya mvua na bei ya mahindi, nasi tukaaga. Tulirudi tena, ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu, tulipokuwa tumesimama mlangoni, alituuliza hizo filamu wanazotazama vijana zinahusu nini.